Mkutano mkuu wa kijiji umepitisha sheria ndogo ya moshi wa sigara, wilayani wanajibu "irekebishwe kisheria". Nani aturekebishie?

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Kijijini kwetu, mkoa wa Lindi, huku pwani, kuna kibanda umiza cha kuonyeshea mpira. Ni mabati matupu, na madirisha yamezibwa kwa sandarusi ili wasiolipa wasichungulie. Siku ya Simba na Yanga hapakanyagiki: watoto wamekaa mkekani mbele ya runinga, watu wazima kwenye mabenchi nyuma yao, sigara haijaisha nyingine imewashwa. Moshi hauna pa kutokea ila kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, na ukitokea hapo unaingia moja kwa moja chumbani kwa jirani. Mama wa nyumba hiyo ana mtoto wa pumu. Kukiwa na mechi anamhamishia kwa bibi yake. Kwake mwenyewe, kodi ya jengo analipa yeye!

Tulifuata utaratibu wote. Halmashauri ya kijiji ikaandaa pendekezo: kusivutwe sigara ndani ya vibanda vya mpira, ndani ya ghala la korosho, wala kwenye foleni ya zahanati. Mkutano mkuu ukaitishwa, watu wakabishana mpaka magharibi, mwisho hata wavutaji wakanyoosha mikono. Mwenye kibanda naye alikubali. Muhtasari ukaandikwa, mahudhurio yakasainiwa, ukapelekwa wilayani kuidhinishwa kama Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inavyotaka.

Umerudi na maneno mawili pembeni, kwa kalamu nyekundu: "irekebishwe kisheria". Basi. Kifungu gani kimekosewa? Kimya. Mtendaji wetu akafuatilia, akaambiwa mwanasheria yuko mahakamani. Akarudi tena, akaambiwa tafuteni wakili awaandikie. Wakili! Kijiji ambacho choo cha shule kimejengwa kwa michango ya nyumba kwa nyumba, hela ya wakili kinaitoa wapi?

Ukaja msafara wa msaada wa kisheria, tukapanga foleni tangu asubuhi. Wa mirathi walisikilizwa, wa ndoa, wa mipaka ya mashamba. Sisi tukaambiwa shida yetu haina mlalamikaji. Kijiji kizima kimekaa kikaamua, bado anatafutwa mlalamikaji?

Kinachoniuma ni kwamba hatuombi jambo geni. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ni ya mwaka 2003, nayo inazuia kuvuta ovyo kwenye maeneo ya umma. Mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinahusu kuwakinga watu na moshi wa wavutaji. Shirika hilo linasema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama, na kwamba unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka wasiovuta kabisa. Mahakama zetu nazo zilishasema kuhusu moshi. Kwenye kesi ya mwaka 1988 ya Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata, waliokuwa wakisumbuliwa na moshi wa jalala la jiji la Dar es Salaam, Mahakama Kuu iliona kuhatarisha watu kwa uchafuzi ule kunagusa haki yao ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Kwa hiyo sheria tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kukaa na mtendaji wa kijiji, afungue vifungu, aandike rasimu isiyorudishwa.

Na kazi hiyo inafanyika kwingine. Kule Minnesota, Marekani, kuna Public Health Law Center, kituo kilicho ndani ya chuo cha sheria, na mojawapo ya kazi zake ni kuzisaidia jamii na serikali za mitaa kuandika kanuni za tumbaku. Hapa wanafunzi wa sheria wanamaliza kila mwaka, wengi wako mtaani wanatafuta pa kushika. Kwa nini wasipangwe kwenye kata?

Tafadhali usiniandikie "wahamisheni watoto, mpira ni wa wakubwa". Yule wa pumu haangalii mpira, amelala kitandani kwao.

Kama kuna mwanasheria humu, rasimu yetu ni kurasa mbili tu. Tuambie kilichokosewa tuirudishe wilayani kabla minada ya korosho haijaanza mwezi wa kumi, maana hapo hela inakuwepo na kibanda kinajaa kila usiku.