Naomba ushauri: mlipuko wa Thera nifundishe ulitokea lini?

Ndugu wanachama, ninaandaa somo la historia ya kale kwa wanafunzi wa sekondari, nami nimekwama kwenye tarehe ya mlipuko wa volkano ya Thera (Santorini), kisiwa cha Ugiriki, uliofukia mji wa Akrotiri. Tawi la mzeituni lililozikwa na majivu hayo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, lilipimwa kwa kaboni 14 (kaboni yenye mionzi ambayo hupungua polepole katika mabaki ya viumbe, hivyo huonyesha umri wao) likaonyesha kati ya 1627 na 1600 KK; ilhali wanaakiolojia wengi, wakilinganisha vyombo vya udongo vya Aegean (eneo la bahari kati ya Ugiriki na Uturuki) na vya Misri, waliuweka karibu na 1500 KK. Pengo la takriban karne nzima si dogo hata kidogo, kwani linagusa mpangilio wa matukio kuanzia Krete hadi Misri. Kisha mwaka 2018 vipimo vya kaboni 14 katika pete za miti, ambazo umri wake unajulikana mwaka baada ya mwaka, viliisogeza tarehe ya kaboni kuelekea karne ya 16 KK, hoja ambayo mimi naiona nzito.

Je, niwape wanafunzi tarehe moja, au niwafunulie mjadala wenyewe? Na urekebishaji wa kaboni 14, yaani kugeuza kipimo chake kuwa mwaka wa kalenda kwa kulinganisha na pete hizo, nitauelezaje kwa wasiosoma fizikia?