CSI au Sherlock: nichukue kitabu kipi cha katuni?

Mdau_Barani: Salaam aleikum. Shemeji yuko Nairobi, kesho usiku anapanda basi la Malindi. Amekuta vitabu viwili vya katuni vilivyotokana na tamthilia za upelelezi, CSI: Serial na Sherlock: A Study in Pink. Pesa yangu ni ya kimoja. Nichukue kipi?

BiMaua: Aleikum salaam. Cha nani? Umri gani? Waulizia kiatu hata mguu hujautaja.

Komando_Langoni: CSI, usipoteze wakati. Kilitoka 2003, mwandishi Max Allan Collins, na hadithi ni mpya: Grissom na Catherine, wale wapelelezi wa tamthilia, wanamsaka muuaji anayemwiga Jack the Ripper, yule muuaji wa London wa zamani, hapo Las Vegas. Matukio ya kawaida kachora Gabriel Rodríguez, mistari safi. Wataalamu wakianza kukisia mauaji yalivyokwenda, anaingia Ashley Wood na rangi zake za vumbivumbi, wajua papo hapo kwamba sasa uko kwenye dhana. Sherlock ni sehemu ile ile ya tamthilia ya BBC ya 2010, Jay wa Japani kaichora tena basi.

BiMaua: Huo ndio utamu wake. Ile pete ya marehemu, ndani yang'aa, nje imechakaa: kwenye televisheni yapita kufumba na kufumbua. Kitabuni waikodolea macho hata ujione mpelelezi.

ShelaKwetu: Hizo hadithi mpya zina balaa lake. Mwaka juzi niliagiza hicho hicho CSI: Serial kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kikaja kwa basi hadi Mokowe, gati la Lamu upande wa bara, nikavuka na boti kukichukua, nimekifutika ndani ya shati kisirowe. Nikasoma usiku kucha. Kufika pale muuaji anapokaribia kujulikana, nafunua, nakuta kurasa nilizokwisha kuzisoma! Wamezirudia za katikati, za mwisho hazimo. Kumpigia muuzaji, ati "katazame kwenye televisheni". Nikamwambia bwana wee, hii haiko kwenye televisheni! Akakata simu. Hadi leo sijui nani aliua.

Komando_Langoni: Pole 😂 Nikwambie?

ShelaKwetu: Thubutu!

Komando_Langoni: Haya. Lakini Sherlock chafunguliwa kutoka kulia, kitamchanganya msomaji.

BiMaua: Kimchanganye nani, pwani hii? Mtu aliyeanzia chuoni na juzuu mkononi?

ShelaKwetu: Juzuu hata herufi zatoka kulia. Hapa visanduku vyaenda kulia-kushoto, Kiingereza cha ndani kushoto-kulia. Mimi kurasa kumi za kwanza nilikuwa nasoma jibu kabla ya swali.

BiMaua: Hayo ni yako wewe. Mdau uko wapi?

Mdau_Barani: Samahanini, nilikuwa kazini. Ni cha mpwa wangu, ana miaka 11.

Komando_Langoni: Kumi na moja! Si ungesema tangu mwanzo? CSI ina damu hadi jaladani.

BiMaua: Sherlock basi. Ingawa nacho kina watu wanaokunywa sumu.

Mdau_Barani: Mamake kasema hataki maiti kabisa.

Komando_Langoni: Upelelezi bila maiti? Wampeleleza nani, mwizi wa kuku?

ShelaKwetu: Mdau, chukua CSI ukae nacho mwenyewe, mtoto mnunulie mpira. Kikifika nipigie picha kurasa za mwisho. Nane zatosha.