Naomba ushauri: nyumba ya wageni ya kijijini kwenye mchezo wangu

Habari wakuu. Naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la 5 (mchezo wa mezani ambao mwendeshaji anasimulia stori, wachezaji wanaigiza wahusika, na kete zinaamua kama wanafaulu), na kikao kijacho kinaanzia kwenye nyumba ya wageni ya kijijini. Shida ni kwamba wachezaji wangu wakiona kaunta tu, basi: mmoja anarusha kete ya pande 20 amtishe mwenye nyumba, mwingine anatafuta ugomvi, na stori inaishia hapo.

Nimeshamwandaa mama mjane anayeiendesha, zizi la farasi nyuma, na ufunguo wa chumba cha juu ambao haubanduki kiunoni mwake hata akilala. Humo yumo mgeni aliyelipia msimu mzima na hajawahi kushuka kula. Ni nani, hilo ninalo. Ninachokosa ni namna ya kuwafanya wauone ule ufunguo bila mimi kuwanyooshea kidole.

Bei nayo inanitatiza. Kanuni za 2014 zinasema chumba cha kawaida ni sarafu 5 za fedha kwa usiku, na hawa jamaa wametoka kuua joka, wana dhahabu hadi kero. Nipandishe, au mama akatae hela zao? Mimi naegemea kukataa. Na wahusika wa pembeni, watatu wanatosha au nijaze ukumbi?