Wakuu naombeni ushauri: helmeti inasaidia kweli kwenye mbio za baiskeli au ni sheria tu?

Kapedali: Wakuu habari zenu. Jumapili nina mashindano, bila helmeti waamuzi hawatakuruhusu kuanza. Sasa nauliza, hiki kitu kinaokoa kweli au tunatimiza sheria tu? Niko njia panda, hata usingizi hauji.

Gia Kubwa: Mkuu historia inajibu. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, walitaka kulazimisha 1991, waendeshaji wakagoma kwenye mbio za Paris–Nice kule Ufaransa, ikaishia hapo. 1995 Fabio Casartelli akafariki kwenye mteremko wa Tour de France, kichwa wazi. Ikabidi afe na Andrey Kivilev 2003, Paris–Nice hiyohiyo, ndo ikawa lazima, na bado mwanzoni waliruhusiwa kuivua mlima wa mwisho!

Mama Kona: Vaa mwanangu. Kijana wangu naye alikuwa analalamika joto, siku hizi hatoki getini kabla sijauona mkanda umefungwa.

Breki Mbovu: Wouter Weylandt aliivaa kwenye Giro, mbio za Italia, 2011 na akafa. Shida ni spidi na kubanana kwenye kundi. Kipimo cha Ulaya wanaidondosha kutoka kama mita 1.5 tu, wakati mteremkoni watu wanapita kilomita 80 kwa saa. Wapunguze hatari barabarani kwanza.

Fundi Spoku: Kapedali hujasema shida. Helmeti yako ikoje?

Kapedali: Sawa. Nilianguka mazoezini ikapiga lami, ile sponji nyeupe ya ndani ina ufa juu ya sikio. Ila ganda la nje zima, nimebandika stika, na wakaguzi wanaangalia mkanda tu. Mpya sina hela, na kiingilio nishalipa.

Fundi Spoku: Hiyo sponji inapondeka mara moja ili kishindo kisifike chote kichwani. Ikishapondeka hairudi. Utapita ukaguzi ndiyo, lakini hapo umevaa ganda tupu.

Breki Mbovu: Ganda zima halafu stika ya nini? Hii chai wadau, anatafuta komenti.

Gia Kubwa: Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha.

Kapedali: Siyo chai. Picha nashindwa, mwanga wa simu unaniumiza macho tangu nilipoanguka, na kichwa kinagonga. Nimemeza dawa.

Fundi Spoku: Kaka achana na helmeti, nenda hospitali leo. Hiyo ni dalili ya ubongo kutikisika.

Kapedali: Nitaenda Jumatatu, nikishamaliza mbio. Timu inanitegemea.

Mama Kona: Mwanangu, uko na nani hapo nyumbani sasa hivi? Mpe simu aniandikie.