Mjadala: Baada ya Shakahola, nani ana wajibu wa kuyapima mahubiri?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu Aprili 2023, polisi wa Kenya walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na kutoa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao inadaiwa walifunga hadi kufa ili wakutane na Yesu, Wakristo wa ukanda wetu tumekuwa tukijiuliza ni nani anayepaswa kuyapima mafundisho ya mhubiri kabla hayajaangamiza watu. Paul Mackenzie, kiongozi wa kundi lile, ameyakana mashtaka, na hukumu yake tuiachie mahakama. Mimi nauliza kuhusu sisi tunaoketi kwenye viti vya kanisa.

Jopo lililoteuliwa na Rais Ruto chini ya uenyekiti wa Mchungaji Mutava Musyimi lilipendekeza sheria ya kuyasimamia mashirika ya dini, na maaskofu na wachungaji wengi wakaipinga. Rwanda ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2018 inayowataka viongozi wenye dhamana juu ya wahubiri wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini. Sipingi kanisa kusajiliwa, wala sipingi mchungaji kusoma chuoni; natamani wangesoma wengi zaidi. Hofu yangu ni kwamba tukiisha kukiona cheti ukutani, tutafunga Biblia zetu na kulala. Kanungu, nchini Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada tarehe 17 Machi 2000, na miongoni mwa viongozi wa kundi hilo alikuwamo Dominic Kataribabo, padri wa zamani aliyekuwa amesoma hadi Marekani. Elimu yake haikuwaokoa waliomfuata. Kwa wengine huenda ndiyo iliyowapa sababu ya kumwamini.

Maandiko yameuweka wajibu huu juu ya kanisa zima. Yohana hawaandikii maaskofu peke yao anaposema, "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho" (1 Yohana 4:1). Katika Matendo 17:11 Luka anawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku ili waone kama mambo waliyoambiwa ndivyo yalivyo, na aliyewaambia alikuwa Paulo, mtume, mwanafunzi wa Gamalieli, mwalimu mashuhuri wa sheria ya Kiyahudi. Ikiwa mahubiri ya Paulo yalichunguzwa, na waliochunguza wakaitwa waungwana, sioni ni mtumishi gani wa leo anayeweza kudai kwamba yake yasiguswe.

Hata hivyo dai hilo tunalisikia kila wiki, na hulindwa kwa mstari mmoja: "Msiwaguse masihi wangu," yaani watu niliowatia mafuta. Naomba kila msomaji afungue Zaburi 105 aisome tangu mwanzo. Wanaozungumziwa pale ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wageni wachache waliotangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaoonywa ni wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwadhulumu. Zaburi hiyo inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, nasi tumeigeuza kuwa ngao ya mwenye kipaza sauti dhidi ya mama mjane mwenye swali. Wengine watanikumbusha kwamba Daudi alikataa kumgusa Sauli, masihi wa Bwana. Ni kweli, lakini katika sura ile ile, 1 Samweli 24, Daudi anasimama nje ya pango na kumshtaki Sauli waziwazi, akiomba Bwana aamue kati yao. Alizuia mkono wake usimdhuru mfalme. Kinywa chake hakukizuia.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kwa sehemu, ila umelipita jambo lililo gumu kuliko yote. Watu wa Shakahola walikuwa na Biblia. Walizisoma, walinukuu aya, na walikufa wakiamini kwamba wanalitii Neno. Ukisema dawa ni kusoma Biblia, unawarudishia marehemu lawama ya kifo chao, na serikali, ambayo ndiyo yenye polisi na mahakama, unaipa nafasi ya kunawa mikono. Mtoto wa miaka mitano aliyenyimwa uji angepambanua nini?

Mleta mada

Mpendwa, mtoto huyo hakuwa na la kupambanua, na kumlinda ni kazi ya dola bila kungoja mjadala wa theolojia. Kumnyima mtoto chakula ni jinai hata kama aliyefanya hivyo ana shahada tatu, kwa hiyo hapo sheria zilizopo zinatosha iwapo zitatekelezwa kwa wakati. Wala siwalaumu marehemu. Nawaza juu ya wale ambao bado wako hai na wanasikiliza.

Kuhusu kuwa na Biblia, umesema kweli, na ndiyo sababu sikusema tu kwamba watu wasome. Ibilisi naye alisoma. Katika Mathayo 4 anamnukulia Yesu Zaburi 91 kuhusu malaika, lakini anayaruka maneno "katika njia zako zote", yanayohusu mtu anayeenenda katika njia zake, yaani si mtu anayejirusha kutoka juu ya kinara cha hekalu. Yesu anamjibu, "Tena imeandikwa," na kuleta Kumbukumbu la Torati. Huo ndio uchunguzi ninaoutetea: mstari urudishwe katika sura yake, kisha uwekwe mbele ya maandiko mengine. Fundisho la kufunga hadi kufa lisingestahimili kipimo hicho. Isaya 58 inaeleza saumu anayoichagua Bwana, na ndani yake mwenye njaa anagawiwa chakula. 1 Timotheo 4 inawataja kwa wazi watu watakaowazuia wengine wasioe na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, ikisema kwamba mafundisho hayo yanatoka kwa mashetani. Mtu aliyefundishwa kusoma sura nzima angeyakuta hayo mwenyewe, bila msaada wa profesa.

Mchangiaji wa pili

Shalom. Mimi nafundisha watoto shule ya Jumapili, na nina mashaka mawili. Kwanza, 1 Wakorintho 12:10 inasema kupambanua roho ni karama, na Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye. Naona mnaigeuza kazi ya Roho Mtakatifu kuwa mtihani wa kusoma. Pili, bibi yangu hajui kusoma. Je, yeye hana ulinzi?

Mleta mada

Mwalimu, maswali yako yananigusa kuliko yote yaliyotangulia, nami nitaanza na la bibi. Watu wa Beroya hawakuwa na Biblia majumbani. Magombo yaliandikwa kwa mkono, yalikuwa ghali, na yalitunzwa katika sinagogi, ambako mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, wakauliza na kubishana. Kwa hiyo uchunguzi ule unaosifiwa ulifanywa na kundi, na bila shaka walikuwamo wasiojua herufi hata moja. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, Shule ya Sabato ya Waadventista, na vikundi vya nyumbani vya makanisa mengi vinaweza kuwa Beroya hiyo, mradi swali liruhusiwe. Bibi aliyeisikia Injili kwa miaka 50 mara nyingi hutambua haraka kuliko kijana mwenye simu kwamba jambo fulani halifanani na Yesu anayemjua.

Juu ya karama, siikani hata kidogo. Lakini Waebrania 5:14 inasema kwamba akili za watu wazima katika imani zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, na mazoezi huchukua muda. Tena 1 Wakorintho 14:29 inaagiza manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Roho yule yule anayetoa unabii ndiye aliyeagiza upimwe, hivyo kuupima si kumzimisha.

Mchangiaji wa tatu

Yote ni mazuri, lakini kuna makanisa ambako ukiuliza tu unaitwa mwasi, unatangazwa madhabahuni, na ndugu zako wanaacha kukusalimu. Mtu wa namna hiyo afanye nini?

Mleta mada

Ndugu, asiende peke yake. Achukue muumini mwenzake mmoja au wawili, aandike swali lake pamoja na sura nzima inayohusika, amwendee mzee wa kanisa kwa heshima na faragha kabla ya kumwendea mchungaji, na aombe kuonyeshwa maandiko mahali alipokosea kuelewa. Akijibiwa kwa maandiko, apokee hata kama jibu linamuumiza. Akijibiwa kwa vitisho vya laana, asome 3 Yohana, barua fupi isiyomaliza ukurasa, amwone Diotrefe aliyependa kuwa wa kwanza, aliyekataa kuwapokea ndugu na kuwafukuza kanisani waliotaka kuwapokea. Yohana hakuwaandikia waliofukuzwa kwamba watubu kwa ajili ya Diotrefe. Alimtaja Diotrefe kwa jina na kuahidi kwamba akija atayakumbusha matendo yake. Kwa hiyo nasema kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa namna hiyo ana ruhusa ya kuondoka na kuwachukua watoto wake, na makanisa jirani yana wajibu wa kumpokea bila kumhoji kama mkimbizi mwenye kosa.