Barua ya euro 60 baada ya simu kwenye tramu: naombeni msaada

Binti wa Kiwira, Leipzig. Jumatatu usiku

Ndugu zangu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Leo nimepokea barua na mpaka sasa moyo haujatulia. Mnajua cheti changu cha kuzaliwa cha RITA kina herufi moja inayopishana na pasi, na kitambulisho cha NIDA kimefuata cheti. Aufenthaltstitel yangu, yaani kibali cha kukaa huku Ujerumani, inakaribia kwisha, na huku wanataka majina yalingane kila mahali. Wiki tatu nilikuwa napigia ofisi moja ya nyumbani Tanzania, simu inaita mpaka inakatika. Siku karani alipopiga mwenyewe, nilikuwa kwenye tramu natoka zamu ya usiku. Ningewezaje kutopokea?

Nikaweka spika ili mkono mmoja uandike namba ya jalada nyuma ya risiti. Karani anapaza sauti, mimi napaza sauti, mtandao unakatika, nataja jina langu herufi moja moja, narudia tena. Mzee aliyekaa mbele yangu akageuka mara mbili. Mara ya tatu akasema kwa ukali hapa si sebuleni kwako. Nilimwomba radhi kwa ishara ya mkono, lakini simu sikukata. Kituo kilichofuata wakapanda wakaguzi, na simu ikazima palepale, chaji imeisha. Deutschlandticket yangu, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, imo humo humo kwenye simu. Wakaniandikia karatasi. Yule mzee akawaeleza habari za kelele, nikaona mmoja wao anaandika.

Halafu nikahama chumba, karatasi ikapotelea kwenye maboksi. Leo ndiyo barua: euro 60 na gharama za ukumbusho juu yake, nilipe ndani ya siku 14. Kijerumani cha barua hizi mnakijua, sentensi moja inajaza ukurasa.

Maswali yangu ni mawili. Hiyo 60 ni ya kelele au ya tiketi? Na je, jambo hili litafika Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, nikienda kuongeza kibali? Naomba anijibu mwenye hakika.

Kaka wa Ipogolo, Dortmund. Jumatatu usiku

Kamwene dada, pole sana. Hiyo ni ya kelele, usijisumbue, lipa tu. Wajerumani na simu hawaelewani kabisa. Mimi mwaka juzi nilikuwa ndani ya ICE, treni ya kasi, naongea na mzee wangu Iringa, habari ya shamba la Kilolo ambalo jirani amesogeza mpaka. Kondakta alikuja, hakusema neno, akanionyesha alama ya kidole mdomoni juu ya dirisha. Kumbe nimekaa Ruhebereich, sehemu ya kimya. Behewa zima lilikuwa linanitazama. Nilibeba begi langu nikasimama mlangoni mpaka Hannover, na mzee huko kwenye simu anauliza mbona umenyamaza, umekasirika?

Mwaka 2025 mwezi wa pili, stesheni ya Nantes kule Ufaransa, kuna mtu alitozwa euro 150 kwa kuongea na simu yenye spika. Kwa hiyo 60 ni nafuu.

Mwalimu wa Rungwe, Dresden. Jumanne asubuhi

> Hiyo ni ya kelele, usijisumbue, lipa tu.

Bwana Ipogolo, mtu ameomba mwenye hakika. Nantes ni Ufaransa, na ICE si tramu. Usimpotoshe mtoto wa watu.

Binti, euro 60 ni kiwango cha anayekutwa bila tiketi halali. Kelele haina kiwango hicho. Masharti ya usafirishaji ya mwaka 1970, ambayo makampuni ya tramu na mabasi yanayafuata hadi leo, katika kifungu cha 4 yanakataza kutumia vyombo vya kutoa sauti. Mtu kuongea na simu sikioni kwa sauti ya kawaida hajavunja chochote. Spika ni jambo jingine, na hapo yule mzee alikuwa na haki yake, japo angeweza kusema kwa upole.

Lililo muhimu kwako ni kifungu cha 9. Kama siku ile tiketi yenye jina lako ilikuwa hai, ukaenda kuithibitisha ofisini kwao ndani ya wiki moja, deni linashuka hadi euro 7. Saba tu! Sasa niambie tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya wakaguzi, si tarehe ya barua.

Mama Tukuyu, karibu na Herrnhut. Jumanne mchana

Pole mwanangu. Nenda hata kama wiki imepita. Mimi nilikwenda siku ya kumi na mbili na karatasi ya benki inayoonyesha tiketi imelipiwa, yule dada wa dirishani akaniangalia, akapokea 7. Si wote wagumu. Na uwe na pawabenki kwenye mkoba, mikoba yenu imejaa vipodozi tu.

Lakini nataka kusema jambo kuhusu hizo sauti. Watoto mliozaliwa Mbeya mjini mnaona aibu ya bure. Mama yako anapopaza sauti si ushamba. Kwetu Rungwe mvua inanyesha miezi mingapi? Nyumba ni ya bati, haina dari, na mvua ikishika hata mliokaa meza moja hamsikiani. Mtu amezoea kusema juu ya mvua maisha yake yote. Isitoshe kunong'ona mbele ya wenzako kwetu ni kama unasengenya. Mgeni akiingia tunasalimiana kwa sauti ili hata wa jikoni asikie kuna mtu. Huku nimekaa miaka 19 na bado nikimsikia mtu anaongea chini chini naona kama ananificha jambo.

Wa Mufindi, Graz. Jumanne jioni

Mama shikamoo. Huku Austria mji wetu ulianza mapema, 2008 meya alitaka watu wasiongee kabisa na simu kwenye tramu na mabasi, vibandiko vikawekwa. Nilipofika mimi nilidhani ni kwa ajili yetu wageni. Mwenyeji mmoja akaniambia hapana, walichokana wenyewe kwa wenyewe.

Mke wa Mkinga, Nagoya. Jumatano

Huku Japani hakuna anayekuandikia karatasi wala kukukemea. Tangazo linasema tafadhali ondoa mlio wa simu na usizungumze, basi. Treni imejaa mpaka mlangoni na unasikia magurudumu tu. Mwanzoni nilidhani wamefiwa.

Mama mkwe wangu yuko Makete, anapanda kilimani kutafuta mtandao, kwenye baridi ile mnayoijua. Akipiga nashuka kituo chochote nilichofika. Nimeshachelewa kazini mara nne. Siwezi kumwacha mama yule amesimama kwenye upepo simu inaita tu. Jana aliniambia wamechimba viazi, nikalia pale kwenye benchi watu wakipita.

Wa Mbalizi, nimerudi Mbeya. Jumatano usiku

Salaam kutoka nyumbani. Nawasoma wote. Mimi nilikaa Kassel miaka 11, mwaka huu nimerudi moja kwa moja, acheni nitoe neno nikiwa huku.

Kila siku napanda kosta Mbalizi kwenda Uyole. Konda ananing'inia mlangoni anaita, redio iko juu, na kila abiria wa tatu ana simu. Mama mmoja anabishana bei ya mchele wa Mbarali, na tukifika Mafiat kosta nzima tunajua gunia limepanda na nani kamdhulumu nani. Wiki za kwanza kichwa kiliniuma kweli. Nilimwambia kijana mmoja apunguze sauti ya video yake, akanitazama kama nimemvua kofia. Abiria wengine wakamtetea yeye.

Basi la usiku ndiyo taabu zaidi. Tangu 2023 yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, watu wengi tunapanda jioni Mbeya ili asubuhi uwe Dar. Sasa mtu wa kiti cha nyuma anafungua mahubiri, wa mbele anafungua vichekesho, hakuna mwenye visikizi. Kutoka Makambako hadi Ipogolo sikufumba jicho. Panapotulia ni Kitonga tu. Basi likianza kuteremka ule mlima, simu zinashuka zenyewe, hata watoto wananyamaza, unasikia breki na mtu anasali kwa chini. Tukifika Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wanagonga dirisha na kelele zinaanza upya. Haya nayasema kwa uchungu, kwa sababu mle ndani kuna wagonjwa wanaokwenda Muhimbili na wenye watoto wachanga, na hakuna anayewauliza.

Lakini mwezi uliopita jambo lilitokea. Tumepita Mwanjelwa, dada mmoja akapokea simu. Alikuwa anaongea kwa sauti kama wengine wote, ghafla akasema, "Amefariki saa ngapi?" Dereva alizima redio bila kuambiwa. Mama aliyekuwa karibu naye, hawajuani, akamshika. Konda akavua kofia, akaipitisha kiti hadi kiti, kila mtu akatia alichonacho, na nauli ya yule dada akairudisha humo humo. Pale Sae walishuka wawili wakamsindikiza kupanda gari la Tukuyu.

Nilifikiria Kassel. Mwaka 2019 mimi nilipokea habari ya baba kwenye tramu, kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa. Nikasema asante kwa taarifa, nikakata. Nilikaa vituo tisa hakuna aliyejua. Sina lawama kwa wale watu, wangejuaje? Ila sitaki tena kusikia kwamba kelele za kwetu ni ushenzi tu. Yule anayefungua mahubiri usiku wa manane avae visikizi. Anayepokea simu ya nyumbani aachwe aongee.

Mama Tukuyu. Alhamisi

Ndaga fijo mwanangu. Nimemsomea mzee, amenyamaza muda mrefu.

Kaka wa Ipogolo. Alhamisi

Nimekubali kuhusu kifungu cha 9, Mwalimu, lakini punguza ukali, hatuko darasani.

Mimi nadhani tunakimbia kiini. Kwa nini dada alikuwa anapiga kelele kwenye tramu? Kwa sababu ofisi ya nyumbani ilimpigia saa yoyote wanayotaka wao, baada ya wiki tatu. Kama marekebisho ya herufi moja yangefanyika kwa mtandao, kimya kimya, leo tusingekuwa hapa. Tunatuma pesa kila mwezi, tunajenga, halafu jina lako linageuka kesi. Wangetupa uraia pacha haya yote yangekwisha. Wametuletea hadhi maalum, haya, hiyo hadhi inamsaidiaje Binti wa Kiwira?

Mwalimu wa Rungwe. Alhamisi

Haimsaidii kwa sababu haimhusu. Hadhi maalum ni ya aliyekwishaacha uraia wa Tanzania akachukua wa nchi nyingine, na watoto wake. Binti ana pasi yetu. Hata uraia pacha ungekuja kesho, herufi kwenye cheti ingebaki ilivyo. Anachohitaji ni hati ya kiapo na mtu wa kufuatilia dirishani. Tusiingize kila kitu kwenye siasa.

Kaka wa Ipogolo. Alhamisi

Kila kitu ni siasa, Mwalimu. Hata bei ya bando anayopigia mama Makete ni siasa.

Wa Mufindi, Graz. Ijumaa

Samahani, hivi kuna anayekuja Desemba? Natafuta mtu wa kuniletea majani ya chai, hata kilo mbili. Chai ya huku haina rangi.

Binti wa Kiwira. Ijumaa usiku

Nawashukuru wote. Mwalimu, karatasi nimeipata. Tarehe ni wiki ya tano sasa. Jumatatu nitakwenda na karatasi ya benki kama alivyosema Mama, waninyime wenyewe. Lakini swali la pili bado. Mwenzangu wa kazini ananiambia kusafiri bila tiketi kuna kifungu cha jinai, 265a, na usingizi umeniruka.

Kaka wa Mbalizi, nimesoma yako nikiwa palepale kwenye tramu, nikashuka kabla ya kituo changu.

Tangu siku ile sipokei simu nikiwa njiani. Juzi mama amepiga mara sita. Nilipompigia usiku alikuwa amekwisha mtuma mjomba aulize kanisani kama kuna aliyesikia habari zangu. Amesema, "Mwanangu, ukinyamaza mimi nahesabu siku." Nimemweleza habari ya tramu, haelewi. Ananiuliza, hao watu uliowaudhi umekwenda kuwaomba msamaha?

Mwalimu wa Rungwe. Jumamosi asubuhi

265a ni kwa aliyekusudia kukwepa nauli. Wewe ulikuwa umelipa na ushahidi unao. Kuhusu kibali sitaki kukwambia nisilo na hakika nalo. Peleka barua kwa washauri wa wahamiaji wa mji wako, hawatozi chochote, wasome yote mbele yako kabla ya hizo siku 14.

Wa Mbalizi. Jumamosi asubuhi

Dada, kesho nakwenda Tukuyu kwa shemeji, nitashuka Kiwira. Nielekeze kwa mama. Nitamfundisha kutuma ujumbe wa sauti, aseme kwa nguvu anavyotaka na mvua yake, wewe usikilize ukifika chumbani. Hiyo hati ya kiapo nayo nianze kuiulizia. Nitumie picha ya cheti, mbele na nyuma, ile herufi uizungushie kalamu. Na mama anapenda nini? Siwezi kuingia mikono mitupu.

Binti wa Kiwira. Jumamosi

Sukari na sabuni, kaka. Ukishuka sokoni ulizia nyumba ya mama anayeuza ndizi karibu na kanisa la Moravian. Piga hodi kwa sauti, sikio la kushoto halisikii vizuri.