Ng'ombe haponi kiwele, na mtindi nao haugandi. Nifanyeje?

MamaNdama: Habari za jioni wakuu. Niko Rungwe, nafuga ng'ombe wa maziwa wachache. Huyu mkubwa kiwele kimevimba upande wa nyuma kushoto, cha moto, ukikamua yanatoka majimaji yenye mabonge. Nimemwekea zile dawa za mrija za kuingiza kwenye chuchu, dozi nzima kama nilivyoelekezwa dukani. Akatulia, kisha ikarudi vilevile. Muuzaji akanipa nyingine, kumbe dawa ni ileile, boksi tu tofauti. Sasa mteja wangu wa mtindi analalamika maziwa hayagandi, yanalala usiku kucha yanaamka maziwa. Na hayo nakamua kwenye chuchu nzima! Msaada jamani, huyu si ng'ombe wa kupeleka buchani hivihivi.

Mzee wa Mbalizi: Dada, mrija mmoja hautoshi. Weka miwili kwa mpigo, na OTC, ile sindano ya tetrasaiklini, umchome. Wangu alipona hivyo.

Chai_Katumba: Mzee, shikamoo, ila hapo unampoteza mama wa watu.

Vet_Iringa: Tuanze na huo mtindi. Maziwa yanagandishwa na bakteria. Dawa uliyoweka chuchu moja huingia kwenye damu ikatokea hata kwenye chuchu nyingine, ikaua mbegu ya mtindi. Ndiyo maana boksi limeandikwa siku za kusubiri. Mpaka ziishe, maziwa yote ya ng'ombe huyo hayauzwi wala hayanywewi. Kuchemsha hakuondoi dawa yote. Ndama naye usimpe, vijidudu vya tumboni mwake vitazoea dawa.

Kuhusu kutopona, mara nyingi ni bakteria aitwaye Stafilokokasi. Hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, dawa haimfikii vizuri, na aina nyingi zina kimeng'enya cha kuvunja penisilini. Ukimwongezea mirija ya dawa ileile, wanaokufa ni wale dhaifu. Sugu wanabaki wakijitawalia zizi lote. Kwa hiyo maziwa yakaoteshwe maabara ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi bado inamuua. Osha chuchu, kausha, futa tundu lake kwa spiriti, mwaga mikamuo ya mwanzo, halafu kinga kwenye chupa ya maabara ukiwa umeilaza, vumbi lisidondokee ndani. Weka kwenye barafu, ifike mapema. Chukua kabla hujaweka dawa nyingine yoyote. TVLA, wakala wa maabara za mifugo, wana kituo hapa Iringa, wapigie kwanza.

Huyo mkamue wa mwisho, kitambaa chake peke yake, na ukimaliza chovya chuchu kwenye ayodini.

Mfamasia_Mwanjelwa: Naongezea. Penisilini na tetrasaiklini za zizini ni jamii moja na tunazotoa hapa dirishani. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 vijidudu sugu viliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Fleming alishaonya kuhusu dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Nobel, lakini leo asubuhi tu mtu kaniambia "nipe amoksilini za buku". Ukimuuliza anaumwa nini, anasema mafua! Mafua ni virusi, hiyo dawa haiyagusi.

Mzee wa Mbalizi: Sawa daktari. Na majibu yakija hakuna dawa inayomuua?

Vet_Iringa: Upande huo wa kiwele unakaushwa, anakamuliwa chuchu tatu. Akiendelea kurudia, anauzwa nyama kabla hajaambukiza wenzake. Ila mzee, nyama nayo ina siku zake za kusubiri, na mara nyingi ni nyingi kuliko za maziwa.

MamaNdama: Ndaga fijo wote. Mteja nimeshamwambia asipokee ya huyu mpaka siku ziishe, kanuna lakini kaelewa. Hizo chupa za maabara nitazipata hapahapa Tukuyu au mpaka Mbeya mjini?

Chai_Katumba: Anza ofisi ya mifugo ya halmashauri, waulize na usafiri wa sampuli. Usibebe chupa ya soda, mama.